Mutinda wa Makobe, Wala Si wa Kuku

Mchungaji, wazee, majirani wa hapa Kilimambogo na nyinyi mliotoka Thika na Ruiru, habari ya mchana. Mimi ni Dianah Kavata, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia yake, na nikisema familia nina maana ya mama yangu Katunge, ndugu yangu Nzioki na mimi mwenyewe, hao wengine waliojipa hilo jina kwenye kikao cha juzi watatusamehe. Mmepewa ile karatasi ya rangi iliyochapishwa na kamati ya mazishi, picha ya baba iko sawa, nyimbo ziko sawa, lakini ukurasa wa tatu unasema kwamba baada ya kuachishwa kazi marehemu "alijihusisha na ufugaji wa kuku," na msimlaumu mchapishaji, maneno hayo yaliandikwa kwa makusudi na mwenyekiti wa kamati, anko Muasya, mdogo wake marehemu, ambaye ameketi pale mbele na kofia yake magotini. Baba yangu hakufuga kuku hata mmoja. Alifuga makobe na vinyonga, kwa leseni ya serikali, hadi siku aliyofariki, na mnamo tarehe 14 Mei kamati ilikaa katika boma hili ikaamua kwamba wanyama hao watolewe nyumbani kwake Ruiru kabla hajazikwa, wamwagwe porini au wachomwe, la sivyo Mzee Gathogo wa kanisa lake la Ruiru hataomba hapa. Kwa hivyo mjue tangu mapema kinachogombaniwa leo, ni kama kazi ya mtu huyu itaingia naye kaburini au itabaki nje. Ile karatasi ikunjeni mjipepee nayo, historia ndiyo hii.

Marehemu Simeon Mutinda alizaliwa tarehe 9 Aprili 1972 hapa hapa Kilimambogo, mtoto wa tatu wa babu yetu hayati Nzioki na hayati Kavindu, akakua akichunga mbuzi kama watoto wote wa upande huu, na kwa kuwa kila mtu atawaambia kwamba alianza mambo ya vinyonga kwa mganga, acha niwaambie alianza wapi. Mwaka 1980, akiwa na miaka minane, alikuwa akienda sokoni na nyanya yake wakakuta kinyonga akivuka njia, nyanya akatema mate, akageuka na kikapu chake akarudi nyumbani bila kuuza hata ndizi moja, na mtoto akabaki pale peke yake, akainama, akanyoosha kidole, yule kinyonga akapanda. Alitusimulia jambo hilo mara nyingi, na siku zote kilichomshangaza kilikuwa kimoja, kwamba kitu kilichoogopwa na kijiji kizima kilikuwa kinatetemeka mkononi mwake. Alichapwa jioni hiyo, na bado kesho yake akarudi pale njiani kumtafuta.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1986, kisha akajiunga na shule ya upili ya kutwa upande wa Thika kuanzia 1987 hadi 1990, akitembea asubuhi na jioni, akapata alama ya C katika mtihani wa mwisho, na somo alilopita vizuri kuliko yote lilikuwa bayolojia. Ndoto yake ilikuwa kusomea udaktari wa mifugo, lakini mwaka huo watoto wa kulipiwa walikuwa wawili na walipaji walikuwa wamechoka, akaamua mdogo wake aendelee na yeye akatafute kazi. Mdogo huyo yupo hapa, anajijua, na hilo nalo halimo kwenye karatasi ya kamati.

Tarehe 4 Februari 1991 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, kwanza kama mfagiaji, baadaye kama mhudumu wa boila, akahudumu kwa miaka ishirini na miwili bila barua moja ya onyo. Watu wamezoea kusema kazi ya boila kwa dharau, kana kwamba mtu anasimama tu pale akitazama moto, lakini ni pale marehemu alipojifunza kitu kilichomlisha baadaye, nacho ni joto, namna ya kulishika mahali pamoja usiku na mchana lisipande wala lisishuke. Nyuma ya jumba la boila kulikuwa na ukuta wenye vuguvugu, mijusi walikuwa wakitaga kwenye nyufa zake, naye akawa anaandika katika daftari ni siku ngapi mayai ya juu yalichukua na ni ngapi yale ya chini. Wenzake walimwita Daktari wa Mijusi, akacheka nao, na hata siku moja hakuficha lile daftari.

Mnamo tarehe 12 Desemba 1998, baada ya mbuzi wa ntheo, wale wa posa, kupelekwa kwa wazazi jinsi inavyotakiwa, alifunga ndoa takatifu na mama yangu Katunge, binti ya Syokau wa Makueni, wakaanza maisha katika chumba kimoja mtaa wa Landless, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1999 na Nzioki mwaka 2004. Mama aliogopa vinyonga alipoolewa, na hamtashangaa nikisema bado anawaogopa, lakini katika ndoa ya miaka ishirini na sita hakumwambia mumewe achague kati yake na wao. Mwaka 2003 mfanyakazi mwenzake baba alimletea kobe aliyeokotwa barabarani akiwa na ufa mgongoni, marehemu akamtibu kwa wiki sita, kisha akaenda mwenyewe ofisi ya wanyamapori kuuliza kama inaruhusiwa kukaa naye, wakamwambia hairuhusiwi bila kibali, akamkabidhi. Alitoka pale akiwa na fomu mkononi, na fomu hiyo alikaa nayo miaka kumi kabla ya kupata nafasi ya kuijaza.

Nafasi yenyewe ilikuja kwa uchungu. Tarehe 31 Oktoba 2013 sehemu yao ya kiwanda ilifungwa, wafanyakazi wakalipwa na kuambiwa kwaheri, wengine wakanunua pikipiki, wengine wakafungua duka, na marehemu akanunua kipande cha ardhi Ruiru upande wa Gatong'ora, akajenga nyumba ya vyumba viwili na nyuma yake banda la matofali lenye paa la kupitisha mwanga. Maafisa walikuja mara tatu kulikagua, wakapima uzio, wakakagua maji, na tarehe 17 Agosti 2015 akapewa leseni ya kufuga na kuzalisha, akaanza na vinyonga kumi na mmoja na makobe watano waliotoka kwenye shamba lenye leseni. Alizalisha nyenje wa kuwalisha katika ndoo kumi na mbili, alipanda maua na michongoma ya vinyonga kupandia, na kila asubuhi aliwanyunyizia maji majani kabla hajanywa chai yake mwenyewe. Hao ndio kuku wa ukurasa wa tatu.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu mtaanza kuangalia viatu. Marehemu alikuwa Mkristo, alibatizwa akiwa mtoto, alikuwa mshiriki kamili wa kanisa la Ruiru tangu 2014, na tarehe 9 Julai 2017, asubuhi ya baridi kali, alikuja ibadani na kinyonga mgonjwa ndani ya mfuko wa koti, kwa sababu banda lilikuwa halina stima siku hiyo na yule mnyama angekufa bila joto la mwili. Wakati wa sadaka kinyonga akatoka, akapanda polepole hadi kwenye ukosi wa koti, akamwangalia kwa jicho moja mama aliyeketi benchi la nyuma. Mliokuwepo mnakumbuka nduru, mnakumbuka kikapu cha sadaka kikimwagika na watu wazima wakipitia dirishani, na mnakumbuka Mzee Gathogo akisimama kwenye madhabahu na kusema, "Huyu mtu ako na shetani kwa mfuko na mnamwangalia tu hapo?" Marehemu aliomba msamaha mbele ya kanisa wiki iliyofuata, akaeleza habari ya baridi, wakamwambia achague kati ya wokovu na wadudu wake. Hakuchagua, aliendelea tu kuja, na kwa miaka karibu minane benchi la watu sita likawa la mtu mmoja na mkewe na watoto, kila Jumapili, hata siku za Krismasi ambapo wengine walisimama nje kwa kukosa nafasi. Nimekaa kwenye benchi hilo, najua lilivyo baridi. Yeye aliimba kila wimbo hadi mwisho, mimi nilikuwa nawahesabu waliosimama nje.

Jambo la pili ni la mayai, na hili baba alinikataza kulisema akiwa hai. Mwezi wa Februari 2019 makobe wake watatu walitaga kwa mara ya kwanza kwa wingi, mayai thelathini na manne, akayafukia katika masanduku ya mchanga wa mto, na juu ya kila yai akachora msalaba mdogo kwa penseli. Yai la kobe si kama la kuku, ndugu zangu, la kuku linageuzwa mara kadhaa kwa siku ili kifaranga kisigande, lakini la kobe likishalala siku ya kwanza halisogezwi tena, ukiligeuza kilichomo ndani kinakufa, na msalaba wa penseli ulikuwa wa kumwonyesha kwamba juu bado ni juu. Tarehe 20 mwezi huo nyanya yetu Syokau alifariki, tukaenda Makueni kuzika, nyumba nzima, siku tisa. Marehemu alimwachia ndugu yake Muasya funguo za banda, kwa kuwa anko Muasya naye yuko Ruiru na ni mtu wa mayai, ana mashine za kuangua vifaranga na anauzia watu kuanzia Githurai 45 hadi Kahawa Sukari. Kwenye mlango wa ndani alibandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, MAYAI YASIGUSWE WALA KUGEUZWA, na kabla hatujaondoka akamsomea kwa sauti. Nilikuwepo, nilikuwa nimeshika begi la mama.

Tuliporudi marehemu aliingia bandani kabla ya kuvua koti la msiba, akakaa huko hadi mama akanituma, nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya masanduku. Misalaba ilikuwa ubavuni, mingine ilikuwa chini kabisa, na kwa mayai thelathini na manne hakuna hata moja lililokuwa limelala jinsi alivyoliacha. Nilidhani atayarudisha, hakuyagusa, aliniambia kuyarudisha ni kuyageuza mara nyingine, kisha akafunga masanduku akayalinda kwa miezi kumi na minne, joto lile lile, unyevu ule ule, kwa matumaini kwamba hata moja tu limepona. Mwezi wa Aprili 2020 aliyafungua moja moja kwa kijiko. Ndani mlikuwa na makobe wadogo wa ukubwa wa kucha, walioanza na kuishia njiani, akawafukia nyuma ya banda, akaosha kijiko, na watu walipouliza akasema mchanga ulikuwa mbaya. Alijisingizia mwenyewe, na mwaka mzima anko Muasya alizunguka kwa jamaa akisema Mungu ameyakataa mayai ya kaka yake.

Marehemu alianza upya. Makobe walitaga tena, safari hii hakumwachia mtu funguo, akakosa harusi mbili na mazishi matatu, mkamsema sana kwa hilo, na tarehe 6 Juni 2021 yai la kwanza lilipasuka saa tatu asubuhi, likafuatwa na mengine ishirini na tano katika wiki mbili. Alituita sote bandani, hata mama alisimama mlangoni, na baba yangu, mtu ambaye hakulia kiwanda kilipofungwa, alilia mbele yetu bila kujificha. Mwaka 2022 alisafirisha sanduku lake la kwanza kwa wanunuzi wa nje, na karatasi zote zikiwa na mihuri, na kuanzia hapo ni makobe waliotusomesha, ni makobe waliolijenga upya paa la nyumba hii ya wazazi ambayo wengi wenu mmekimbilia kivuli chake, kwa hivyo kama kuna laana humo, mmekuwa mkiikalia tangu asubuhi na naona imewapoza.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu mwezi wa Septemba 2023, na tarehe 8 Novemba mwaka huo madaktari wakagundua kwamba figo zake zimeshindwa kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali moja mjini Thika. Akitoka kwenye mashine alipitia bandani na plasta mkononi, akawanyunyizia maji majani, ndipo alale. Tarehe 22 Machi mwaka huu anko Muasya alikuja kumwona akiwa kitandani kule hospitalini, ameunganishwa na mipira ya mashine, akavuta kiti akamwambia, "Bro, hii ugonjwa yako iko kwa hizo vitu. Toa hizo vitu kwa boma, utaona vile utapona." Marehemu akamuuliza kwa upole, "Muasya, yale mayai ulikuwa unageuza mara ngapi?" Anko Muasya hakufikiria, alijibu haraka kama mtu anayejibu swali la kazi, "Mara tatu kwa siku. Mimi naangua vifaranga miaka ishirini, singefundishwa yai na mtu wa boila." Ndipo akasikia alichosema. Nesi alikuwepo, mimi nilikuwepo, mashine ilikuwa inazunguka, na mwenye mayai akafumba macho akasema, "Basi. Nilitaka tu kujua." Anko alipotoka, baba alinishika mkono akaniambia nisimwambie mtu wakati yeye bado yupo, kwa sababu hataki kufa akiwa amegombana na ndugu yake. Nimemtii. Hayupo tena, na mimi sijaahidi chochote kwa ajili yangu.

Marehemu aliendelea kudhoofika mwezi wa Aprili, akalazwa tarehe 6 Mei, na tarehe 11 Mei 2025, saa nne asubuhi, akaiaga dunia mama akiwa amemshika kichwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Swali lake la mwisho kwangu lilikuwa kama nimewapa makobe maji. Nilikuwa nimewapa.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, hasa nesi Maggie, aliyejifunza majina ya vinyonga wote kwa kumsikiliza tu. Tunawashukuru waliokuwa wafanyakazi wenzake wa boila, waliokuja kumi na saba na kubeba jeneza bila kuombwa, wakati watu wa kanisa lake walikuwa bado wanashauriana kama ni dhambi kuligusa. Tunaishukuru kamati kwa hema, viti na chakula, na tunawarudishia uamuzi wao wa tarehe 14, mama alinyamaza siku hiyo kwa sababu alikuwa amefiwa, msidhani alikubali. Tarehe 16 nilikwenda ofisi ya wanyamapori na kibali cha mazishi, wameandika jina langu kama msimamizi wa banda hadi leseni ibadilishwe, na nakala ya barua hiyo nimempa chifu, yule pale.

Mwisho kabisa tunamshukuru jirani yetu wa Ruiru, Wamboi, mama Mugo, ambaye hamtamwona hapa. Mama huyu akiona kinyonga hata kwa mbali anapiga nduru, na marehemu aliishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja bila kumfanya apende hata mmoja. Jana jioni alisikia kwamba kuna vijana wawili wamelipwa kwenda bandani na mafuta ya taa leo, wakati sote tuko huku mazishini na boma la Ruiru liko tupu, akaja akaniambia, "Nenda uzike baba yako, mimi nitakaa hapo kwa mlango, Ngai, hata nikifumba macho." Ameketi hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Amenipigia simu nikiwa kwenye foleni ya kuuaga mwili, vijana walikuja, wamemkuta, wamemtajia jina la aliyewatuma, wamekunywa chai yake na wameondoka, mafuta wamemwachia. Anko Muasya, simu yako imekuwa ikitetemeka mfukoni tangu nianze kusoma, unaweza kuipokea sasa, ni wao, wanataka kukueleza.

Baba, makobe wamekunywa maji. Pumzika kwa amani wewe, sisi hapa bado tuna kazi.